Makofi ya Mama

Mpaka leo nayasikia makofi ya mama: pa, pa, pa, mepesi, ya viganja vilivyokunjwa kidogo, kama tunavyowasalimia wakubwa sisi Waha. Kila mavuno baba mdogo alituletea ndoo ya maharage hapa Titye, na mama alipiga magoti akimshukuru. Mimi, niliyekuwa Kibondo najifunza cherehani, nilijivuna kwa wenzangu: nani ana baba mdogo kama wangu?

Maharage yalitoka shamba la bondeni. Baba alipofariki, mimi nikiwa bado mchanga, baba mdogo alimwambia mama kwamba lile shamba ni lake, marehemu aliazima tu. Mama akaamini.

Msimu huu baba mdogo aliumwa mgongo, hakupalilia. Niliporudi nyumbani nikapita bondeni, nikakuta masale, yale majani ya kuwekea mpaka, yamechipua katikati ya magugu, yamenyooka mstari hadi mtoni. Bibi jirani akashangaa nikimuuliza.

"Kapanda baba yako, nilikuwepo. Shamba la kuazima nani analipandia masale? Mimi nilidhani mlimuuzia."

Kumbe yaling'olewa mama akiwa ndani, amekaa matanga; mizizi ikabaki, na kila palizi jembe likayafyeka.

Tukaenda baraza la ardhi, Kasulu. Njia nzima niliota mama anavuna cha kwake. Mwenyekiti akatuambia muda wa kudai ardhi ni miaka kumi na miwili, nasi tumeupita zamani. "Ila kama mlifichwa kwa hila, tunahesabu tangu mlipogundua, au mlipopaswa kugundua."

Baba mdogo akacheka. "Wafichwe nini hawa? Shemeji, si wewe uliyekuwa unanipigia makofi kila mavuno, unanishukuru kwa maharage ya shamba langu? Leo mikono imeota miiba?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaificha mikono ndani ya kitenge. Mwenyekiti akasema ataamua akishakuja kuliona shamba.

Juzi tukaikuta ndoo ya baba mdogo uani, imejaa maharage ya mwaka jana, kama hakuna kilichotokea. Mama aliitazama weee.

"Sasa tutakula nini, mwanangu?" Akachukua dumu, akaenda kuteka maji ya kupikia.

Ndani kulikuwa na muhogo tu. Lakini tukiyala haya, barazani tutahesabiwa makofi mengine. Na baba mdogo bado nampenda, ndiyo tabu yangu.

Nikaufuta mfuniko vumbi, nikajitwika ile ndoo, nikaenda kuiweka mlangoni kwake. Sikupiga hodi.