Fundi Gonga hubisha hodi ukutani

Saa saba mchana, Mama Pacha amesimama kibarazani kwake, mkono kiunoni, anasimulia kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Anasema aliiona kwa macho yake mawili. Ncha ya drili ilichomoza ukutani, juu kidogo ya kitanda cha wanawe, ikazunguka kama ulimi wa nyoka, kisha ikarudi ilikotoka.

"Pacha wangu walikuwa wamelala hapo hapo," anasema. "Na tangu siku hiyo watu wa sinema wamehamia kwangu. Juzi mtu kauawa humu chumbani mara mbili. Maiti sijaiona, ila kelele zake nimezisikia zote."

Anayesemwa yuko nyumba ya pili, upande wa pili wa ukuta huo huo. Ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kazi yake ni kufunga spika za sinema katika sebule za watu. Jina lake wateja wengi hawalijui. Wanamwita Fundi Gonga, kwa sababu hatoboi ukuta kabla ya kuugonga.

Hugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, sikio limebandikwa kwenye plasta, kama mgeni anayebisha hodi na kutega asikie kama wenyewe wapo. Ukuta uliojaa humjibu "ngo". Penye uwazi ndani humjibu "bo".

"Ngo, unatoboa," anasema. "Bo, unaomba radhi, unasogea."

Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Anasema hajawahi kuyachanganya hayo mawili.

Leo hakuja kutoboa. Ameitwa na mwenye sebule, mwoka mikate ambaye huingia kazini alfajiri na kurudi saa sita. Starehe yake ni sinema moja ya mchana kabla ya kulala. Saa yake ya sinema ndiyo saa ya pacha kusinzia, na ukuta kati yao ni mmoja.

Sebule yenyewe ina hatua nne kwa tano. Kwa fundi, chumba kidogo kina kazi kuliko ukumbi. Ukumbini sauti ina pa kwenda. Hapa inagonga kabati, inagonga kioo, inamrudia mtu kabla hajameza mate.

Mwoka mikate alitaka spika mbili za mbele zipigiliwe juu, karibu na dari, zipendeze.

"Nikamuuliza, kaka, wewe masikio yako yako darini?" anakumbuka Fundi Gonga.

Akazifunga usawa wa sikio la mtu aliyeketi, moja kila upande wa runinga, zikiinama kidogo kuelekea kochi. Spika ndogo ya kati, inayotoa maneno ya waigizaji, aliiweka chini ya runinga. Kochi alilivuta mbele kwa urefu wa mkono, kwa sababu mtu akiegemea ukuta, spika za nyuma humpigia kisogoni. Mwoka mikate alinuna siku nzima kwa kupunguziwa nafasi ya kupita. Alipowasha, akasikia mvua ya kwenye sinema ikinyesha nyuma yake, akageuka kutazama dirisha.

"Siku ile nilimsifu," anasema mwoka mikate. "Leo sijui nimsifu au nimshtaki."

Fundi anafungua mkoba wake, anatoa ncha ya drili. Imezungushiwa utepe mwekundu, vidole vitatu kutoka mwisho. Utepe ukigusa ukuta, mkono unasimama.

"Mama, ukuta huu unazidi upana wa kiganja," anamwambia Mama Pacha, aliyeingia bila kukaribishwa na kusimama mlangoni. "Ncha yangu inaingia vidole vitatu. Hiyo uliyoiona kwako ilikuja kwa miguu?"

"Usiniulize mimi. Uulize ukuta wako unaoongea nao."

Mwoka mikate anacheka. Fundi hacheki. Anafungua skrubu za spika ya nyuma ya kushoto, anaishusha juu ya kochi. Palipokuwa na kishikio chake pana ufa mwembamba kwenye plasta. Anausukuma kwa bisibisi. Bisibisi inazama mpaka kwenye mpini.

Anabandua plasta taratibu. Ndani kuna boksi la zamani la soketi, tupu. Anaomba ruhusa, anazunguka kwa Mama Pacha, anainua kalenda iliyoning'inia juu ya kitanda cha watoto. Boksi jingine, limefunikwa kwa plasta nyembamba kama ganda la yai. Mabomba ya waya yalipohamishwa, mtu aliyaacha maboksi mawili yakiwa yamepeana mgongo, akayapaka juu, akaenda zake.

Kwa hiyo ncha haikufika kwa Mama Pacha. Kilichofika ni unga wa plasta uliodondoka drili ilipotikisa, na baada yake sauti.

"Nyoka au unga, watoto wangu hawalali," anasema Mama Pacha.

"Hilo nakubali, mama."

Wanarudi sebuleni. Limebaki swali moja, na mwoka mikate ndiye anayelitoa, bila ubaya.

"Lakini fundi, hapa uligonga. Nilikuwepo. Ukasema ngo."

Fundi Gonga anasogea ukutani. Anabandika sikio la kulia, kama kawaida yake, anagonga kando ya tundu. Anatulia. Anagonga tena. "Ngo," anasema, kwa sauti ya chini.

"Mbona hata mimi hapa mlangoni nasikia bo?" anasema Mama Pacha.

Fundi anageuka, anabandika sikio la kushoto mahali pale pale, anagonga. Kisha anarudia la kulia. Kisha la kushoto. Mara ya tatu hagongi. Anabaki ameegemeza shavu kwenye plasta, macho kwa kochi.

"La kulia limeniacha," anasema.

Baadaye, akichanganya saruji kwenye kopo la rangi, anaeleza kidogo kidogo. Simu aliihamishia sikio la kushoto mwaka jana, akadhani simu ndiyo mbovu. Akanunua nyingine. Mkewe akimwita kutoka upande wa kulia huitika kwa kuchelewa, na mkewe alishamwambia mara nyingi akapimwe. Yeye alikuwa akijibu kwamba watu siku hizi wanaongea kwa kunong'ona.

Zamani alikuwa na sebule tano kwa wiki. Sasa akipata mbili anashukuru, kwa kuwa wengi hununua spika moja ndefu, wakailaza chini ya runinga, wakamaliza. Hizo mbili anazipata kwa sifa ya midomo ya watu tu.

"Kinyozi akipoteza kidole, wateja watamwonea huruma na watakuja," anasema. "Mimi nani atanipa spika zake?"

Anajaza maboksi yote mawili kwa vipande vya tofali na saruji, anapaka juu, anapiga pima maji kwa mazoea ingawa hapana cha kunyoosha. Spika za nyuma anazihamishia kuta za pembeni, nyuma kidogo ya kochi, mbali na ukuta wa Mama Pacha. Kabla ya kila tundu anagonga, safari hii kwa sikio la kushoto. Inambidi ageuze mwili mzima na kugonga kwa mkono usiozoea. Anaonekana kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake.

Sabufa, spika nene ya besi iliyokuwa imekumbatia kona, anaivuta mbele na kuiwekea miguu minne aliyoikata kutoka kwenye ndala kuukuu.

"Ndala zangu hizo!" anasema mwoka mikate.

"Moja tu, kaka. Nyingine nimekuachia."

Mama Pacha anatumwa kwake akasikilize. Mwoka mikate anaiweka sinema ile ile, anaipeleka mbele mpaka mahali pa kifo. Risasi inalia, mtu anaanguka. Fundi anatoka kibarazani.

"Mama! Umesikia kitu?"

"Ameshakufa?"

"Ameshakufa."

"Basi leo kafa kistaarabu."

Anapofunga mkoba wake, jirani wa tatu anapita na kumuuliza Mama Pacha drili ile iliishia wapi. Mama Pacha anamtazama fundi, kisha anatazama kopo la saruji.

"Drili gani? Ukuta mbovu tu," anasema. "Waliojenga hizi nyumba walikuwa wezi."

Fundi Gonga anainamisha kichwa, anabeba mkoba.

Alasiri yuko kwake. Sebule yake haina spika hata moja, ina redio ndogo na cherehani. Mkewe hushona sare za shule, na kiti chake kiko dirishani penye mwanga. Mkewe ndiye mwenye masikio nyumba hii. Sindano ikianza kuchoka huijua kwa mlio kabla haijakatika.

Fundi anamsimulia yote, hata kalenda, hata ndala. Anakubali kwenda kupimwa. Lakini Alhamisi ana sebule mbili, na wenyewe hawajui lolote.

"Mama watoto," anasema, "nimefikiria. Mimi nigonge, wewe usikilize. Uniambie ngo au bo, basi. Utakuja na mimi Alhamisi?"

Cherehani imesimama. Mkewe ameshika kitambaa kwa mikono miwili, hajainua uso. Kiti chake kiko upande wa kulia wa mumewe.

Fundi Gonga anageuka na kiti chake kizima, analeta sikio la kushoto mbele, anasubiri jibu.