Malaika wa Kushoto

Wietske Hoekema aliwakata nywele wanawake wa mji wa Haarlem tangu usichana wake mpaka mgongo ulipomwambia basi. Alipofunga saluni akajiunga na darasa letu la kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Nilikaa karibu naye.

Mwalimu wetu, Evert, hakutaka tuchore mambo ya kichwani mwetu. "Waliotutangulia walijifunza kwa kunakili," alisema. "Nanyi mtanakili." Akatupeleka makumbusho, mbele ya picha kubwa ya familia ya mfanyabiashara wa kitani: baba, mama, watoto wenye kola nyeupe, na juu mawinguni malaika wawili wadogo. Hao ni watoto waliokufa. Zamani hizo familia ilichorwa yote, waliopo na waliotangulia.

Tulianza na tabaka la chini, la kahawia na kijivu, ambalo wachoraji wa kwetu huliita rangi mfu. Juu yake ndipo unapoleta ngozi na damu, taratibu, tabaka jembamba juu ya jingine. Wietske alikuwa na haraka.

"Wietske, unachora au unapaka mkate siagi?"

"Siagi, mwalimu. Wewe lete jibini."

Tulicheka. Lakini kicheko chake kilikoma alipofika kwa malaika wa kushoto. Yule wa makumbusho alikuwa na mashavu ya mviringo. Wa Wietske alitoka mwembamba, masikio yamechomoza, jicho moja limelegea. Akamfuta kwa tapentaini, mafuta ya kuyeyushia rangi, akamchora upya, akatoka yuleyule. Evert alishika brashi akamsahihisha mwenyewe. Juma lililofuata rangi ya Evert ilikuwa imenywea na kufifia, na sura ile nyembamba ilichungulia chini yake.

Tukaenda kunywa kahawa. Wietske hakugusa kikombe.

"Nilikuwa na pacha," aliniambia. "Rikus. Alikufa kwa ugonjwa wa koo, tukiwa wadogo sana. Mama alichoma picha zake zote, na jina lake halikutajwa tena nyumbani."

"Unadhani ndiye huyu?"

"Nitajuaje? Sura yake siikumbuki hata kidogo."

Aliyeweza kujua alikuwa mmoja tu. Mama yake, Bibi Trijntje, aliishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilimsaidia Wietske kuibeba picha. Tulimkuta bibi akinywa supu ya njegere.

"Mama, tazama nilichochora."

Bibi alizikodolea macho kola. "Makola yote haya, anayafua nani?"

Kisha macho yakapanda mawinguni. Akaweka kijiko chini.

"Nani amekuruhusu?"

"Kuruhusiwa nini, mama?"

"Nilizichoma zote." Akanyoosha kidole, asiguse. Sauti ikalainika kama ya mama kijana. "Rikus. Mbona hukui, mwanangu?"

Wietske alipiga magoti kando ya kiti, akauliza swali alilolibeba maisha yake yote: kwa nini hawakumwacha amuage ndugu yake?

"Nilikufungia chumbani usiambukizwe," mama yake alisema. "Alikuita mpaka sauti ikakauka. Nawe ulikuwa unamwitikia nyuma ya mlango. Ningewezaje kutazama picha zake tena?"

Walilia wameshikana. Bibi Trijntje alifariki kabla maua ya tulipu hayajachanua.

Tulipoirudisha picha darasani, Evert aliinama kuitazama. "Hii si nakala," alisema. Wietske akanyanyua kitambaa chenye tapentaini, Evert akamshika mkono. "Mwache."

Picha iko ukumbini kwa Wietske. Ninapomtembelea hukaa nikiipa mgongo, na hata hivyo shingo hunisisimka. Yeye amekuwa mchoraji hodari, watu humfuata hata kutoka mji wa Leiden, ila hachori watoto. Majuzi jirani alimsihi amchore mjukuu wake.

"Subiri akue kwanza," Wietske alimjibu.

Jirani, asiyejua kisa cha Rikus, alikasirika, akampeleka mtoto kwa mpiga picha.