Nyuzi Nyekundu za Msuli wa Salim

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya hadubini, akanionyesha vipande viwili vya msuli vilivyotiwa rangi.

"Huu ni wa mtu aliyelala kitandani muda mrefu. Huu ni wa hamali. Waona nini?"

"Wa hamali umekolea wekundu zaidi, bwana."

"Hiyo ni mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Kazi ikizidi, kiini cha seli huamuru viongezwe. Vikichakaa, seli huvimeza ikavivunja."

Nilidhani nimeelewa. Miaka ikapita, nikahamishiwa chumba cha patholojia, kukata na kutia rangi nyama za wagonjwa. Huko ndiko nilikokutana na Salim.

Salim alikuwa hamali wa Makupa, kijana wa kifua kipana. Alianza kuishiwa nguvu tangu asubuhi mapema, kope zikimwangukia. Msimamizi wake alimfukuza, akimwita mvivu. Mkewe naye akarudi kwao. Aliyemleta hospitali ni mamake, Bi Zuhura wa Majengo, amemshika mkono kama mtoto mdogo.

Nilipotazama kipande cha msuli wa paja lake nilishtuka. Nikadhani nimeharibu rangi, nikarudia upya. Yakawa yale yale: kingo za nyuzi za msuli zimeraruka, zimejaa wekundu mtupu. Nikamwita Daktari wa Patholojia.

"Daktari, huyu hana nguvu hata ya kupanda ngazi, na mitokondria zake zimepita za mwanariadha!"

Alitazama, akavuta kiti akaketi.

"Ni mbovu," akasema polepole. "Seli yaona imepungukiwa na nguvu, yaamuru ziongezwe. Na zinazoongezeka ni hizo hizo mbovu."



Vipimo vya damu vilipothibitisha hayo, Daktari aliwaita mama na mwana, akawaeleza kwamba kasoro hii hurithiwa kwa mama. Bi Zuhura alijiziba mdomo kwa leso.

"Ni maziwa yangu, daktari?"

"La, mama. Ni yai lenyewe, kabla hajazaliwa." Kisha akamwinamia, akamtazama usoni. "Na kope zako zimeanguka tangu lini?"

"Hizi? Mimi nikidhani ni uzee."

Salim akauliza:

"Kwa hivyo mimi si mvivu?"

Dawa ya kumponya haikuwapo. Alijifunza kushona kofia, kazi ya kuketi, na mamake akishona kando yake hadi vidole vya mama navyo vilipomkataa.

Sasa nimestaafu, niko Tononoka. Vijana wa maabara huniuliza ni kipi nilichoona kikanitisha zaidi, wakitarajia niseme saratani. Huwaambia ni nyuzi zile. Mwili ule ulijua umepungukiwa, ukafanya kila uliloweza, na kadiri ulivyojitahidi ndivyo ulivyojijaza ubovu. Na muda wote huo, huku nje, watu walikuwa wakimwita mvivu.