Mkoba Uliorudi Bila Mwenyewe

Isemwe wazi tangu mwanzo: Mashoto hakumuuza mtu. Wanaodai kwamba aliachwa huru siku ile kwa sababu alifungua mdomo hawakuwa dukani. Walikuwa ng'ambo ya barabara, wamejibanza nyuma ya mapazia yao, na kutoka pale husikii kitu. Nyumba yetu hii imetoa walimu, imetoa mkunga, haijawahi kutoa mtu wa kuuza wenzake. Kwa kuwa waliomtisha hawana tena ofisi wala magari, sasa yaliyotokea yanaweza kuandikwa.

Jina Mashoto alipewa na mtaa, akalizoea hadi likalifunika lile la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa mikoba ya kitambaa kizito, iliyodariziwa kwa mkono, na kila mmoja ulitoka katika kitabu cha mwandishi mwanamke. Vitabu aliazima kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, ambaye hakutoa cha pili kabla cha kwanza hakijarudi. Nyuso hakudarizi. Alisoma, akafunga kitabu, akangoja kuona ni kitu gani kimembakia machoni: birika lisilo na mfuniko, ngazi iliyoegemea ukuta usio na paa, viatu vya mtoto juu ya meza ya hakimu. Hicho ndicho alichokidarizi. Walimu wa kike walinunua, wauguzi walinunua, hata wanawake ambao hawakuwahi kumaliza kitabu chochote waliushika mkoba wakasema, "Huu unanijua."

Siku moja akaja mwandishi mwenyewe, mzima, na miguu yake. Alikuwa ametoa kitabu kinachotaja waziwazi nani aliuza kiwanja cha hospitali ya wazazi. Wakaketi, wakazungumza, na Mashoto akamdarizia kitanda cha chuma kilichoachwa kwenye mvua. Alipokuja kuuchukua mkoba, alikuwa ameshaanza kutafutwa. Akauvaa begani, akamkumbatia Mashoto, na kwa uchovu wa mtu ambaye hana wa kumwambia, akamnong'oneza anakokwenda. Mashoto alitamani masikio yake yangekuwa yameziba.

Hazikupita siku nyingi, mkoba ukarudi. Ulirudi mkononi mwa mwanamume mrefu aliyenyoa vizuri. Mwenzake mfupi alibaki mlangoni, akaziba mwanga. Mashoto alikuwa nyuma ya meza, fremu magotini, subana ya kusukumia sindano kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Akatazama kwanza kamba ya mkoba. Haikukatika. Hapakuwa na doa. Bitana tu ndiyo ilikuwa imechanwa. Mwenyewe yuko wapi?

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri. Karibuni."

"Mkoba huu umetoka hapa?"

Kukataa kungekuwa ujinga. Ukutani ilining'inia mingine, na yeyote angeona kwamba ni ya tumbo moja.

"Umetoka hapa."

"Anayedarizi tunaambiwa hukaa na mteja, wakapiga soga. Tunataka na sisi tupige naye soga."

"Hayupo, baba. Yeye huleta nakshi tu, anaondoka. Mimi nakata, natia bitana na zipu." Chini ya meza, subana ilikuwa inahama kwenda mkono wa kulia. Huko ikapwaya.

Mrefu akaupindua mkoba, ndani ukawa nje. "Mama yangu alidarizi mito ya kitanda. Mshono huu wa kusokota kama kamba, wake ulilalia huku. Huu unalalia kule. Aliyeushona anatumia kushoto." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kufokewa. "Hebu shona kidogo, mama. Unikumbushe nyumbani."

Darasa la kwanza, Mashoto alikuwa na mwalimu aliyemfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka akajua kuandika kwa kulia. Alimchukia mwalimu yule miaka yote. Sasa alimwombea pepo.

Akashika sindano kwa kulia. Ikaingia pasipotakiwa, ikatoka pasipotarajiwa, uzi ukajifunga fundo. Jasho likamtiririka mgongoni. Mkono wa kushoto ukaanza kutambaa mezani kwenda kusaidia, kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Akaushusha, akaukalia.

Hapo zikasikika ndara nje. Alikuwa Mama Vifungo, jirani muuza vifungo na zipu, ambaye kila siku huliita jina la Mashoto tangu barabarani, kwa sauti ya kuamsha maiti. Mashoto hakuwa na namna ya kumwonya. Akafumba macho.

Mama Vifungo akampita mfupi kwa bega, mdomo umeshafunguka. Akaona wanaume, akaona mkoba, akaona sindano ilipo. Akavuta pumzi.

"He! Nani amempa huyu sindano? Mtu hata kifungo cha shati anashona kama anafunga gunia la mkaa!"

Mfupi akacheka. "Unamfahamu?"

"Nimfahamu mara ngapi? Gauni langu la harusi ya mwanangu kaliua yeye. Mwenye nakshi ni mwingine, na ana maringo hayo, salamu haitikii. Huyu mwacheni na zipu zake."

Mrefu hakucheka. Akakunja mkoba kwapani, akaokota kibonge cha uzi mezani, akaenda mpaka mlangoni. Akageuka ghafla.

"Shika, mama!"

Mkono wa kushoto uliruka, lakini uzito wote wa Mashoto ulikuwa juu yake. Kibonge kikampiga kifuani, kikaanguka, kikabingirika chini ya cherehani.

"Pole," mrefu akasema. Wakaondoka na mkoba.

Mama Vifungo akaketi sakafuni palepale. Mashoto alipotaka kusema, akamzuia. "Shoga, usiniambie kitu. Mdomo wangu bomba bovu, unanijua. Nisichokijua sitakimwaga."

Baada ya hapo Mashoto alikula kwa kulia, akafagia kwa kulia, akakata vitunguu kwa kulia akijikata vidole, hata mapazia yakiwa yamefungwa. Gari likisimama nje, aliukalia mkono. Mikoba aliishusha yote ukutani. Mtaa ukamwona amekonda, hapokei wateja, ukasema dhamiri inamsuta. Haikuwa dhamiri. Alikuwa anaogopa, na kuogopa si kosa.

Leo anadarizi tena, kwa kushoto, mlango wazi, ingawa kiti chake sasa kinautazama mlango. Wapo wanaomletea maswali yaliyofichwa ndani ya salamu. Mwandishi alifika? Mkoba aliuacha au alinyang'anywa? Ni wapi alikotaja? Wifi mtu, aliyemwazima vitabu vyote, hakuuliza wala hakuambiwa. Mashoto hajapataja mahali pale, na hapa hapatatajwa. Hakuna la kuongeza.