Alilia urgence ya uongo, leo anataka nisifu nyumba yake

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifichwe, ijapokuwa mtaa wetu mzima wa Kadutu wakisoma mistari miwili tu watajua ni miye. Niko papa wa miaka hamsini na saba, bibi mmoja, watoto sita. Masomo yangu yaliishia deuxième secondaire, mwaka wa pili tu wa sekondari, lakini dunia naijua. Nimekula Kampala, nimelala Bujumbura, Kinshasa nilibishana na koloneli na akaniomba msamaha. Sijisifu, ni watu wanaonisifu. Lakini kuna neno moja nimelibeba tangu vita, na nimechoka nalo kabisa.

Wakati ule barabara ya Shabunda ilikuwa imekatika. Mtu akitaka kujua kama mama yake angali muzima kule porini, alikuja kwangu kwenye foni, ile redio ya antena ndefu: unabonyeza unasema, unaachilia unasikiliza. Sauti yangu ilikuwa inapasua msitu. Wamama walikuwa wananiambia, "Papa, wewe ata betri hauhitaji."

Siku ya Mungu, kisha misa kuisha, wateja walikuwa hawapo, basi sisi maoperateur wa mji tulifanya mashindano. Ndani ya saa moja, nani atapata vituo vingi kushinda wengine. Mushindi alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya wote. Sheria tulizishika kama amri za Mungu. Kituo hakihesabiwi mpaka mwenzako arudilie jina lako yeye mwenyewe, siyo kupitishiwa na mwingine. Ukikosea unasema "rectification", halafu unatoa ukweli mbele ya wote. Na mtu akiita "urgence", kila mtu anyamaze palepale, mchezo ao hapana mchezo, kwa sababu pengine kuna mtu anakufa.

Siku moja nilikuwa mbele, kama kawaida yangu. Rafiki yangu wa Bagira, nimuite Papa Antena, akaingia hewani: "Urgence, urgence, muniachie nafasi." Tukanyamaza wote. Miye ata kofia nilivua. Ndani ya kimya kile akaokota vituo polepole, kama mtu anayeokota maavoka kwa jirani aliyeenda kilio. Jioni, kikombe mkononi, anacheka: "Mulinyamaza muzuri, bana yangu. Mungekuwa mapadri."

Nikasema ushindi ule ufutwe, na aseme rectification hewani. Wakanijibu: "Vieux, mzee mzima unalia kwa sababu ulishindwa. Ni mchezo."

Siku ya Mungu iliyofuata, katikati ya mashindano, Shabunda wakaniita. Dada yangu mudogo, nimuite Feza, alikuwa ameumwa na nyoka shambani. Infirmier wa kule, muuguzi wao, alikuwa kijana mupya, alikuwa amemufunga muguu na kamba kwa nguvu, hajui afanye nini tena. Nikamtuma bibi yangu kwa daktari jirani yetu, daktari akaja mbio na ndala. Nikaita, "Urgence, muniachie nafasi, ni dada yangu."

Wakacheka. Nawaambia, ndugu zangu, nilisikia kicheko kile hewani. Na sauti ya Papa Antena juu ya zote: "Papa, ujanja ule ni wangu. Tafuta wako." Wakaendelea kuitana vituo, wote kwa mara moja. Daktari alikuwa anapiga kelele ku micro, "Mufungue kamba, musiiache pale," na kule hawakusikia kitu. Nilikimbia mpaka kwa operateur wa karibu kumuzimia mashine, lakini wa mbali ningewafikia namna gani? Walipokuja kuamini, mawimbi ya redio yalikuwa yamekwisha kugeuka, kama kawaida yake saa zikisonga, Shabunda hawasikiki tena. Tuliwapata kesho yake asubuhi. Kamba ilikuwa ingali pale. Muguu ulikuwa mweusi. Walikata.

Feza anaishi kwangu mpaka leo. Anauza fretini, samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Kadutu na anabishana na wateja kunishinda. Siku zote anajua kwamba siku ile mvua ndiyo iliharibu mawimbi. Nani alimwambia vile? Papa Antena, na miye sikumukosoa. Alimletea magongo ya kutembelea, alimsimamia kupata meza ku soko, kila Noël kuku haikosi. Feza anamupenda kama kaka. Siyo mtu mubaya, hapo ndipo ninapochoka.

Sasa binti yake anaolewa. Kwetu siku ya dot, siku ya kutoa mahari, baba wa binti hasemi. Musemaji ndiye anasimama kwa ajili yake, na maneno ya kwanza ni kusifu nyumba, kwamba watu wa hapa neno lao ni moja. Amenichagua miye. Binti mwenyewe alikuja: "Tonton, bila sauti yako haitakuwa dot."

Nikaenda kwa baba yake. "Nitasema, lakini wewe kwanza umwambie Feza. Neno moja tu, rectification."

Akasogeza kiti karibu yangu. "Vieux, ilikuwa mchezo. Vita ndiyo ilimukata muguu. Unataka nipoteze dada kwenye uzee wangu?"

Nikachukua kofia yangu nikatoka. Nikirudi nyumbani, namukuta Feza anajaribu kitenge cha sherehe mbele ya kioo, amejiegemeza ukutani. "Kaka, wameniweka mustari wa mbele. Mvua ile isingenyesha, ningewachezea ngoma mpaka wakimbie."

Jumamosi nitashika micro. Dada yangu atakuwa mbele yangu, karibu ya kumgusa, na safari hii watu wote watanyamaza, hakuna atakayeita juu ya sauti yangu. Ninyi munaosoma, munisaidie kichwa hiki kilichochoka: niisifu nyumba ile, ao niseme miye rectification yake?