Kiti cha Mbele cha Wakesho

Mwanangu, siku ya harusi yangu naikumbuka mpaka leo, wala si kwa sababu ya nyimbo. Ilikuwa huku kwetu Werugha, ukungu bado umelala shambani, tulipomkalisha dada yangu Wakesho kiti cha mbele kanisani, amevaa kitenge kipya, watu wamwone. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu alipoteleza kwenye matuta akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao tupu. Sisi tuliona ni heshima.

Akakaa tangu ibada mpaka jioni. Waliopita walimsifu, "Tazama Wakesho alivyotulia!" Naye akicheka, akipiga makofi, kwani huko chini hakuhisi chochote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi yetu Mkawasi ndiye aliyemvua nguo amwoshe. Akatuita, mimi na mama. Makalioni palikuwa na doa la wekundu wa kuiva, lina joto, halififii hata ukilibonyeza.

"Mnampamba kama bibi harusi," alisema, "halafu mnamwacha kama gunia la viazi! Nani amemwinua leo?"

Doa likawa kidonda, kidonda kikachimba hadi mfupani. Tukamteremsha hospitali Voi, na nilipokwenda kumwona akaniambia, "Kaka, rudi kwa mke wako. Mimi hainiumi." Hilo ndilo lililoniliza, mwanangu. Kweli haikumuuma. Tulimrudisha milimani kumzika.

Basi ukiwa na mtu wa kukaa tu nyumbani, asiyeweza kuinuka, usingoje alalamike. Mwinue kidogo, au mwegemeze upande, kila baada ya nusu saa hivi, hata wageni wakiwepo; kama mikono yake ina nguvu, mfundishe ajiinue mwenyewe. Mtafutie mto mzuri wa kukalia. Asikae na nguo mbichi. Na kila jioni umtazame ngozi, usione haya, haya haziponyi mtu. Ukiona mahali pamebadilika rangi na haparudi, asipakalie tena, usipasugue, na umpeleke kwa daktari mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata huo ukuta hatukuwahi kuujenga.

Mungu akupe macho ya kuona mapema, mwanangu, na akuachie wapendwa wako uzeeke nao.