Mafuta ya Ndege Siku ya Kumposa Binti Yangu

Mimi niliishia darasa la tatu. Kamyoni zangu nimezinunua mwenyewe, baada ya kuendesha lori la tangi la mafuta la mtu mwingine kutoka Dar hadi Kigali miaka mingi. Kwa hiyo kijana fundi wa ndege alipotaka kumwoa binti yangu wa kwanza, ovaroli yake haikunitisha. Nilitaka kujua kama kazi anaijua kweli, au anafagia tu uwanja.

Siku ya gusaba, yaani ya kuposa kwetu Rwanda, chini ya hema nyumbani Kicukiro, Kigali, mila ni hii: anayeoa ananyamaza kama mtungi. Msemaji wa ukoo wake ndiye anayejibu, na sisi wenye binti tuna haki ya kumsumbua. Binti yuko ndani, hatoki mpaka aitwe. Asubuhi alikuwa amenishika mkono: "Baba, nakuomba, usiniharibie."

Msemaji wao alikuwa mzee mfugaji, bingwa wa kusifu ng'ombe. Nikamwuliza, "Mwanenu mnasema ni fundi. Ndege kubwa inaweka wapi mafuta?"

Akakohoa. "Tumboni, mkwe. Kila kinachokula kina tumbo."

Kijana akamnong'oneza. Mzee akaduwaa. "Anasema mengi yako kwenye mabawa."

"Uongo! Nani anabeba mzigo kwa mikono iliyonyooshwa? Kwa jibu hilo binti hatoki."

Wageni wakacheka, wakidhani natania. Sikuwa natania.

Wakanong'onezana tena, safari hii kwa muda mrefu. "Anasema hewa inasukuma mabawa juu, na uzito wa mafuta unayavuta chini, yasikunjike sana. Ndiyo maana wanaanza kutumia ya tangi la katikati, ya mabawani yanabaki. Mimi, mkwe, nasema nilichoambiwa."

Jibu hilo nikalipokea. Lakini swali langu lenyewe lilikuwa bado. Niliwahi kuona tangi la mwenzangu likipinduka kwenye kona, mafuta yamekimbilia upande mmoja.

"Na ndege ikilalia ubavu, mafuta hayakimbii?"

Mzee akaanza, "Ng'ombe akilalia ubavu..."

"Hapana, baba!" Kijana alikuwa amesimama. Hema zima likashtuka: anayeoa kasema! "Ndani kuna kuta zenye matundu, na vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye pampu tu. Mafuta hayawezi kukimbia yote mara moja, na pampu haibaki kavu."

Kuta zenye matundu! Tangi nililoendesha lilikuwa nazo hizo hizo, na kwenye kona ndizo zilizonirudisha nyumbani salama. Mtu anayeyaogopa mafuta yanayokimbia, huyo nitamkabidhi mwanangu.

Nikafungua mdomo niulize habari za pampu. Binti akatoka ndani, hajaitwa na mtu, akasimama kando ya kijana.

"Baba, ya pampu atakueleza mkishakuwa ndugu."

Mama yake akafunika uso kwa kitenge. Kijana nikamtoza kreti za bia kwa kuvunja mila, akakubali haraka mno. Binti naye alikuwa amevunja, lakini moyoni nilikuwa nimeshamkabidhi kwa ukoo wa kijana; faini yake wamtoze wao.